Maswali Yenu: Mzee Anajibu "Kawaida Tu"

SWALI: Nasoma utabibu. Utafiti wangu wa kimaelezo (wa kusikiliza masimulizi, si wa takwimu) unahusu wanaume wenye mabusha vijijini Newala: kwa nini hawaji kufanyiwa upasuaji? Nimewahoji wazee 5 pale zahanati na hakuna aliyefika dakika 10. Majibu ni "kawaida tu", "namshukuru Mungu", "nitakuja". Nakosea wapi? Tena msimamizi anataka watu 100, mimi nilipanga 15. – *Mwanafunzi, Newala*

JIBU: Wazee hao hawakukuficha kitu. Wamekujibu kwa adabu swali walilolisikia, na walichosikia ni lawama. "Kwa nini hukuja?" ikitoka kwa mtu wa koti jeupe, ndani ya zahanati, inamfanya mtu ajitetee au atoe ahadi.

Vua koti, toka zahanati. Mwache mzee achague mahali. Barazani kwake mara nyingi hapafai, maana jirani na wakwe wanasikia. Chini ya mkorosho shambani huwa afadhali. Usiende Oktoba au Novemba, watu wanaokota korosho na akili iko mnadani. Mpe shikamoo, kaa, habari za nyumbani ziishe kwanza. Kisha: "Mzee, hebu nisimulie siku yako ya jana, toka ulipoamka." Nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kuongeza neno. Wengi wetu tunaharibu hapo. Akisema "kawaida", muulize kawaida hiyo ikoje. Ndipo utasikia habari za kubeba gunia, kusujudu msikitini, suruali iliyoachwa ikabaki kanzu, unyumba, na nani atalima wakati yeye anauguza kidonda. Sababu ya kutokuja imo humo.

Fuata neno lake. Akiita "mshipa", nawe sema mshipa. Akisema chanzo ni madafu, usimsahihishe papo hapo, kwa sababu maelezo hayo ndiyo uliyoyafuata. Ukishazima kinasa sauti, hapo una deni: mweleze kwamba chanzo ni minyoo inayoenezwa na mbu, kwamba kingatiba, yaani dawa wanazogawiwa watu kuzuia ugonjwa huo, haiondoi busha lililokwisha kukua, na kwamba upasuaji unaliondoa.

Kuhusu idadi, 100 ni hesabu ya dodoso, pale unapotaka kujua ni wangapi. Wewe unataka kujua inakuwaje. Mwaka 2006 mtafiti Guest na wenzake walipitia upya mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona mambo mapya yalikuwa karibu yamekwisha kufikia la 12. Mwonyeshe msimamizi. Lakini kipimo hicho kinafaa kwa watu wanaofanana. Ukichanganya wazee na vijana, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, kila kundi lihesabu peke yake. Na waliopasuliwa usiwaache, wao wanajua kilichowavusha.

Andika kila mahojiano kabla ya kufanya mengine. Saa 1 ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kuandika neno kwa neno, kwa hiyo ukirundika 15 mwishoni hutajua mapya yalikoma wapi, wala hutapata nafasi ya kurekebisha maswali.

Kibali cha maadili na barua ya halmashauri vitangulie, kisha ripoti kwa mtendaji wa kijiji. Ila asikuchagulie wa kuhoji, atakuletea watu wake. Na katika ripoti, kuondoa jina hakutoshi: "fundi cherehani mwenye busha" kijijini ni mtu mmoja tu, na kila mtu anamjua.

SWALI: Bibi ninayemhoji Ruangwa kuhusu kisukari anazungumza Kimwera, mjukuu wake ananitafsiria. Bibi anaongea dakika 3, mjukuu anasema "anaumwa miguu". Nifanyeje? – *Msomaji, Lindi*

JIBU: Mwache mjukuu apumzike. Anafupisha kwa kuona haya, na bibi naye hawezi kutaja mambo ya mwili au ugomvi wa chakula nyumbani mbele yake. Tafuta mwanamke wa makamo ajuaye Kimwera, asiye wa ukoo huo, mpitie naye maswali siku moja kabla, naye aahidi kutunza siri. Mwombe atafsiri kila baada ya sentensi mbili tatu, aseme "naumwa" kama bibi alivyosema, si "anasema anaumwa". Rekodi sauti zote mbili. Uandishi uanze na Kimwera, Kiswahili kikae safu ya pembeni. Pasipo na neno la Kiswahili linalolingana, liache la Kimwera, ulieleze kwa sentensi nzima.