Dawa ya Jumamosi usiku

Kibahasha cha dawa kiliandikwa kwa kalamu ya bluu: 4 × 1. Kijana wa duka la dawa hakuongeza neno, na sisi wote tunajua tunavyosoma maandishi hayo: vidonge vinne, mara moja kwa siku. Ningefika nyumbani Tandika nikaanza kuvimeza kila siku, kama daktari asingekuwa amenirudisha kwenye kiti mara mbili nzima. "Mama, hebu niambie wewe, hii unakunywaje?" Mara moja kwa wiki, dokta. "Siku gani?" Jumamosi usiku.

Dawa yenyewe ni methotreksati. Ukiinywa kila siku kwa kipimo kile cha wiki inashambulia uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa, na wapo watu duniani waliokufa kwa kosa hilo hilo dogo. Kwa hiyo kama una baridi yabisi na umeandikiwa hiyo dawa, kabla hujasoma zaidi, chukua kalamu uandike jina la siku juu ya kibahasha. Usiandike namba. Andika siku.

Mimi ni fundi cherehani. Ugonjwa ulinianza vidoleni, mikono yote miwili kwa pamoja, na asubuhi ndiyo ilikuwa adhabu. Kufungua kifuniko cha chupa ya chai namwita mwanangu. Mkasi ule mkubwa wa kukatia siushiki mpaka saa nne, mikono ikishapata moto. Zahanati ya kwanza wakaniambia ni gauti, nikaacha nyama na maharage miezi mitano bure. Gauti kwa kawaida huvamia ghafla, mara nyingi dole gumba la mguu, kisha inatulia. Yangu haikuwa na mapumziko.

Miezi hiyo yote nilikuwa naishi kwa diklofenaki. Inafanya kazi, sikatai. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, ambazo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe. Tatizo ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo kupata damu. Mimi nilianza kusikia moto chini ya kifua, nikadhani ni pilipili. Na muda wote huo ugonjwa uliendelea kula viungo taratibu, kwa sababu dawa ya maumivu haiuzuii.

Daktari wa kliniki alinieleza kwa mfano ambao sijausahau. Alisema kinga ya mwili ni kama vijana wa ulinzi shirikishi wa mtaa. Kazi yao kukamata wezi. Kwenye baridi yabisi vijana wamechanganyikiwa, wanampiga mwenye nyumba: wanavamia utando unaozunguka viungo, unavimba, unaanza kutafuna mfupa na gegedu. Diklofenaki inakuziba masikio usisikie kelele, lakini marungu yanaendelea.

Kabla ya methotreksati kushika kazi alinipa prednisoloni. Jamani. Siku ya tatu niliamka nikafikiri nimepona. Hii ni jamii ya kortisoni, ambayo daktari Philip Hench na wenzake kule Mayo Clinic, Marekani, walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, watu waliokuwa hawanyanyuki wakatembea, na mwaka 1950 yeye na wanakemia Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara yalikuja kuonekana vizuri baadaye. Kwangu yalionekana mapema: njaa isiyoisha na uso uliojaa kama mwezi. Majirani wakawa wananisifia, "mama umenawiri!" Nikitumia muda mrefu ilikuwa inakuja sukari, presha na mifupa kuwa laini. Ndiyo maana ilikuwa ya daraja tu, ikapunguzwa kidogo kidogo. Usije ukaikatiza ghafla ukiwa umeitumia wiki nyingi. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza kortisoli yake wenyewe, homoni ya jamii hiyo hiyo, unaweza kuanguka.

Ndugu yangu, hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Predni inakupa raha kwa siku chache, methotreksati inachukua wiki sita hadi kumi na mbili. Mtu anakunywa mwezi mmoja, haoni kitu, anaiacha, anarudi kwenye diklofenaki. Mimi wiki ya tano nilishakata tamaa, wifi yangu akaniletea chupa ya dawa ya mizizi. Niliiweka juu ya kabati. Wiki ya nane nikajikuta nakamua khanga kwa mikono yangu, nimeshaianika kwenye kamba ndipo nikastuka.

Methotreksati ilianza kama dawa ya saratani, kwa dozi kubwa zinazozuia seli kutumia foleti, vitamini ambayo seli huhitaji ili zigawanyike. Kwa dozi hii ndogo ya wiki haiui kinga, inaituliza. Vijana wanabaki kazini, wanashusha marungu. Kwa sababu inabana foleti, unapewa foliki asidi, yaani foleti ya vidonge, siku nyingine ili vidonda vya mdomo na kichefuchefu vipungue. Yangu naimeza Jumatatu. Angalia sana: vidonge vyangu vya aina zote mbili ni vya njano na vidogo. Foliki naiweka kwenye kopo la vifungo, methotreksati kwenye kabati la juu, na sivichanganyi hata nikisafiri.

Na Septrin, tafadhali. Dar hii Septrin unainunua kama pipi, kikohozi kidogo tu unayo. Nayo inabana foleti vilevile. Ukiiweka juu ya methotreksati damu inaweza kuporomoka. Kila unapokwenda kutibiwa, hata jino, taja dawa unayotumia. Vidonda mdomoni, homa, kikohozi kikavu na kukosa pumzi, michubuko isiyo na sababu: hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vipimo vya damu, ini na figo usiviruke, hata ukijisikia mzima. Pombe inaumiza ini pamoja nayo. Na dada unayetaka mtoto, usishike mimba ukiwa unaitumia, inaharibu kiumbe. Mwone daktari mapema akubadilishie.

Mbadala upo. Sulfasalazini, na haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya zamani iliyokuwa inatuwasha mwili mzima mpaka ikaondolewa kwenye tiba ya malaria nchini mwaka 2001. Hizi mbili daktari anaweza kukuachia hata ukiwa mjamzito. Haidroksiklorokwini ukiitumia miaka inaweza kugusa macho, kwa hiyo yapimwe hata kama unaona vizuri.

Kisha kuna sindano za kibiolojia kama infliksimabu na adalimumabu. Hizi zinanyang'anya filimbi: zinakamata TNF, ujumbe ambao seli za kinga hutumia kuitana. Zinasaidia wengi ambao methotreksati imewashinda, ila bei yake ni ya kukaa chini kabla ya kuiuliza. Na huku kwetu lazima upimwe kifua kikuu kwanza, maana wengi tunaye mdudu amelala, na filimbi hiyo hiyo ndiyo inayomzuia asiamke.

Mwaka jana nilikwenda msibani Songea, dawa nikaisahau nyumbani. Nimekuja kukumbuka Jumatano, basi linaingia stendi ya Mbezi. Ikipita siku moja au mbili unaweza kuimeza, zaidi ya hapo unaiacha mpaka siku yake, na dozi mbili huunganishi hata vidole viume vipi. Nikapanda daladala, nikaingia nyumbani, nikavitazama vile vinne kwenye kabati, nikafunga mlango. Jumamosi nikavimeza.