Kwa Mnaoanza Kazi Katika Chumba cha CT: Mgonjwa wa Mapafu Aambiwe Nini

Mgonjwa anayeletwa kwa kipimo cha CT cha kifua, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei kutoka pande zote, huwa ameshasikia mengi kabla hajafika mlangoni kwetu: kwamba mashine humfunika mtu mzimamzima, kwamba mionzi hubaki mwilini, kwamba anayepelekwa huko tayari ana saratani. Ninyi mnaoanza kazi hii mtazoea mashine upesi, lakini picha ya mapafu huharibika au hufaulu kwa jambo moja zaidi ya mengine, nalo ni kama aliyelala mezani ameelewa atakachofanya na pumzi yake.

Nililijua hilo kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimlaza mzee mmoja aliyekuwa amekohoa kwa miezi, nikarudi nyuma ya kioo na kubonyeza. Mashine ikatoa amri ya kuvuta na kuzuia pumzi kwa Kiingereza, kama ilivyotoka kiwandani, na mzee, kwa adabu zake zote, akaitikia, "Naam?" Sehemu ya chini ya mapafu ilitoka na ukungu, hata daktari wa radiolojia akashindwa kujua kama pale pana kivimbe au ni mtikisiko tu. Ikabidi turudie, na mzee akapata mionzi mara mbili kwa uzembe wangu.

Tangu siku hiyo sianzi kabla ya kufanya mazoezi na mgonjwa: "Vuta pumzi, ishike, usipumue... haya, pumua." Wakati huo hutazama kifua chake, kwa kuwa wengi huitikia kwa kichwa huku wakiiachia pumzi kidogo kidogo. Mwambieni kwamba ni sekunde 5 hadi 10 tu, na kama hata hizo hazimudu, aseme mapema, maana afadhali apumue polepole kuliko akohoe katikati. Mashine nyingi hukubali kurekodiwa sauti nyingine; ombeni ruhusa mweke ya Kiswahili.

Mwonyesheni mashine yenyewe kabla hajalala, aone kuwa ni pete pana na fupi iliyo wazi pande zote mbili. Cheni na sidiria yenye waya vivuliwe, na mwenye hirizi shingoni asiaibishwe mbele ya watu. Swali la ujauzito liulizwe faraghani, kwani binti aliyesindikizwa na mama yake hatalijibu kweli mbele yake.

Kuhusu mionzi, msidanganye kwamba haina athari yoyote. Semeni kwamba haibaki mwilini mashine ikizima, na kwamba kipimo cha kawaida cha kifua hutoa takriban milisiveti 7 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), yaani karibu sawa na mionzi ya asili ambayo mtu huipata kwa miaka 3 kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Eksirei ya kifua ni kama 0.1 tu, na ndiyo maana CT haiombwi kwa kila kikohozi.

Si kila mgonjwa huchomwa dawa yenye iodini, ile inayofanya mishipa ya damu ionekane vizuri kwenye picha, lakini anayetafutwa damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu huihitaji. Ulizeni habari za figo, mzio na vidonge vya kisukari vya metformin, kisha mweleze kwamba atahisi joto likishuka mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na kudhani amejikojolea. Asiyeambiwa hushtuka na kuinuka mezani. Mkono ukiuma penye kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, apige kelele mara moja.

Atakapouliza mmeona nini, mjibuni kwamba picha husomwa na daktari wa radiolojia, na mzuie nyuso zenu, kwa sababu mgonjwa huzisoma kabla ya ripoti. Ninyi muulizeni picha zake za zamani. Kovu la kifua kikuu cha miaka 10 iliyopita na kivimbe kipya vinaweza kufanana sana, na mara nyingi kinachovitenganisha ni ile filamu ya eksirei ambayo mgonjwa ameiacha nyumbani chini ya godoro, kwa hiyo anapopewa tarehe ya kipimo aambiwe siku hiyohiyo aje nayo.