Maswali ya Wasomaji: Michezo Yetu ya Jumamosi Imepitwa na Wakati?

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tulikulia hapa Muhoroni. Tuna mtoto wa kiume wa miaka 11 na dada yake wa miaka 8, na tangu Jumamosi asubuhi huwa wameinamia simu. Tumewasimulia bano (gololi), brikicho (kujificha na kutafutana) na magari ya waya, na mimi mwenyewe nimewafunza kati na blada (kuruka ukanda wa mpira) uani, lakini baada ya muda mfupi huchoka wakarudi ndani. Je, michezo ile imepitwa na wakati, au ni sisi tunaoipamba kwa sababu ilikuwa yetu?
Mama wa watoto wawili, Muhoroni

JIBU: Mama, michezo hiyo haijapitwa na wakati, na wanao hawana kasoro yoyote. Wanachokosa ni kundi. Kati huhitaji wawili wa kurusha mpira na mmoja wa kukwepa katikati, lakini hukolea hasa wanapofika wanane au zaidi, kwa maana hapo yupo wa kuokoa wenzake waliotolewa, wapo wa kushangilia, na aliyechoka hupumzika akingoja zamu yake. Mtoto anayeicheza na mama na ndugu mmoja hana wa kumficha wala wa kumwokoa, na si ajabu akachoka upesi.

Nyinyi mlilipata kundi bila kulitafuta. Katika mitaa ya wafanyakazi wa viwanda vya sukari, iwe Muhoroni, Chemelil au Mumias, nyumba zilipakana, na watoto wa Kiluo, Kiluhya, Kikipsigis na Kikisii walikutana uwanjani, ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha hata wale ambao hawakukizungumza nyumbani. Jumamosi, sare za shule zikishafuliwa, maji yakishachotwa na sufuria zikishasuguliwa, hakuna mtu mzima aliyewapangia la kufanya mpaka jioni. Watoto wa Wasabato walikuwa kanisani siku hiyo, kwa hiyo timu za mpira wa makaratasi zilipangwa upya Jumapili alasiri, walipojiunga na wenzao waliokwisha kutoka misa.

Jambo ambalo naliona kuwa kiini cha wikendi hizo ni kuchanganyika kwa umri. Kijana wa miaka 13 alicheza na mtoto wa miaka 6, na ili mchezo usivunjike ilimlazimu ampunguzie mdogo masharti: amruhusu kurusha bano kutoka karibu zaidi, au amhesabie kuwa hajatolewa hata kama mpira umemgusa. Kanuni hizo hazikuandikwa popote. Zilibishaniwa, zikakubaliwa, kisha zikalindwa kwa ukali na watoto wenyewe. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anapocheza huweza kujitawala kuliko anavyojitawala nje ya mchezo, kwa sababu hutii kanuni ili raha iendelee. Kocha mwenye filimbi hawezi kuwapa watoto mafunzo hayo, maana kubishana na kupatana huwa amewafanyia yeye.

Gari la waya nalo lilifuata njia hiyohiyo. Mdogo aliokota vipande vya waya na kuchonga magurudumu kutoka kwa pata pata (ndala) zilizokatika, mkubwa akakunja bodi na kuunganisha usukani mrefu wa kuendeshea gari mtu akiwa amesimama, na baada ya miezi kadhaa yule mdogo alikuwa ameshajua kukunja bodi ya kwake. Alijifunza kwa kutazama mikono ya mwenzake. Wewe ukilitengeneza gari zima ukamkabidhi mwanao, atakuwa amepata kifaa cha kuchezea, lakini atakuwa hajafunzwa na mwenzake.

Kuhusu kuipamba michezo hiyo, nakubali kwamba kumbukumbu huchagua. Watoto waliogelea mitoni bila mtu wa kuwaangalia, na wako waliozama. Maji yaliyotuama yaliwaambukiza kichocho, ugonjwa ambao bado upo katika eneo la Ziwa Victoria. Manati zilijeruhi macho. Hayo yasirudishwe. Viwanja pia vimepungua. Mahali pengi ambapo palikuwa wazi kando ya reli na nyuma ya masoko pamejengwa vibanda au pamezungushiwa ua, na barabara za mitaani ambako tairi liliviringishwa sasa zimejaa bodaboda.

Kwa hiyo, badala ya kuwafunza mchezo mwingine, ningekuomba uzungumze na majirani watatu au wanne mkubaliane juu ya alasiri moja na mahali pamoja, kama vile uwanja wa shule au wa kanisa kwa ruhusa ya wenyewe. Awepo mzazi mmoja, aketi pembeni, na asiingilie ila kukiwa na hatari. Umri usitenganishwe. Huenda wiki za mwanzo zikawa na ugomvi mwingi, na naomba msiukatize mapema, kwa sababu hapo ndipo kanuni zinapozaliwa. Simu zibaki nyumbani siku hiyo, na za wazazi pia.

Jirani akisema kwamba mtoto wake ana masomo ya ziada Jumamosi, mweleze kwa upole kwamba Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka saa rasmi za shule za kutwa kuwa za Jumatatu hadi Ijumaa, na kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto, ulioridhiwa na Kenya mwaka 1990, unatambua mchezo na mapumziko kuwa haki katika kifungu cha 31.

Nina ombi moja kuhusu binti yako. Katika utoto wa wengi wetu, wavulana walifika uwanjani mapema, ilhali dada zao walibaki na vyombo na watoto wachanga, wakaja timu zikiwa zimekwisha kuchaguliwa. Kazi za Jumamosi zigawanye sawasawa Ijumaa jioni, kaka naye akiwa na sufuria zake za kusugua, ili wote wawili watoke kwa wakati mmoja. Bila shaka fundi wa baiskeli atakupa tyubu kuukuu za kukatia blada.