Kona ya ufundi maktabani: anzeni na misumari, printa ya 3D ingoje

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama fedha za mfadhili mzinunulie printa ya 3D, mashine inayounda vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka, kwa kona ya watoto maktabani. Nimesaidia kona kama hiyo huku Mjini, na ushauri wangu ni msiinunue sasa.

Printa hula masaa kutoa kitu kidogo, watoto wamekaa wanatazama. Uzi wake wa plastiki hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani unaijua. Hata Maktaba ya Chicago, Marekani, ilifungua ukumbi wa vijana, YOUmedia, mwaka 2009 kwa kompyuta, kamera na vifaa vya kurekodia. Maabara yenye printa za 3D ilikuja 2013.

Kwetu kilichowasha moto ni micro:bit, kibao cha kielektroniki chenye vitufe viwili na taa 25, kinachotumia betri mbili ndogo za rimoti. Tulichomeka misumari miwili kwenye kopo la mchicha, mmoja ukaungwa kwa waya na sehemu ya kibao inayotoa umeme (3V), mwengine na sehemu inayoupima (pini 0). Udongo wenye maji hupitisha umeme vizuri kuliko mkavu, na kibao husoma namba baina ya 0 na 1023. Namba ikifika chini ya ngapi, taa iwake kudai maji? Jibu halimo kitabuni. Watoto walibishana, wakamwagia maji, wakapima tena, wakaandika daftarini. Msichana mmoja akakataa namba ya wenzake: kopo lake lilikuwa na mchanga, lao na udongo mweusi, basi kila kopo lipimwe peke yake. Alikuwa sahihi kabisa, na nilifurahi mno.

Kwenye kompyuta wekeni Scratch, programu ya kutungia michezo na katuni kwa kuunganisha vipande vya amri, ile ya kusakinisha kwa flashi. Haitaki intaneti na ina Kiswahili. Watoto wawili kwa mashine, na mausi ibadilishane mikono, la sivyo wavulana wakubwa wataikalia.

Ratiba ifuate chuo, yaani madrasa. Asubuhi watoto wako skuli, jioni chuoni. Kwetu hujaa Alhamisi jioni, chuo kikiwa kimefungwa.

Fedha kubwa itengeni kwa posho ya mtu atakayekaa nao kila wiki, mkutubi au kijana anayependa watoto. Asipokuwepo, vifaa hurudi kabatini.

Na wale wadogo wasiojua kusoma uliowaulizia, wapeni ScratchJr kwenye tableti. Amri zake ni picha.