Jina la mwomba hifadhi likionekana kwenye orodha ya usalama, ndiyo basi tena?

SWALI: Wakili, heshima yako. Ninajitolea kwenye ofisi ndogo inayowasaidia waomba hifadhi kujaza fomu. Wiki iliyopita kijana mmoja alituletea barua inayosema ombi lake limesimamishwa "kwa uhakiki zaidi wa kiusalama", kwa kuwa jina lake limefanana na jina lililo kwenye orodha fulani. Anauliza kama ndiyo amekwisha, na kama atarudishwa alikokimbia. Nyumbani nako kaka yangu, ambaye ni askari, ananibana: mtu amekuja bila pasipoti, serikali itajuaje kwamba si muuaji? Nimeshindwa kuwajibu wote wawili. Naomba msaada wako.

JIBU: Nianze na kijana, maana yeye ndiye asiyelala. Ombi lake halijafa. Limesimama, na kisheria hayo ni mambo mawili tofauti. Jina kufanana na jina jingine ni swali ambalo serikali imejiuliza. Haliwi jibu mpaka mwenyewe aelezwe anachoshukiwa na apewe nafasi ya kusema. Nimeifanya kazi hii nikiwa msaili upande wa serikali, na baadaye nikiwa wakili wa waombaji. Pande zote mbili, makosa mabaya kuliko yote niliyoyaona yalitokea pale ofisa alipoligeuza swali lile kuwa hukumu, au faili lilipokaa kabatini bila mtu yeyote kuuliza chochote.

Kaka yako naye ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu kamili. Siku ya kuandikishwa, mwombaji anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, na anaandikwa majina, tarehe ya kuzaliwa na njia aliyopita. Alama zile hulinganishwa na kumbukumbu za polisi na uhamiaji. Nchi za Umoja wa Ulaya zina hazina ya pamoja inayoitwa Eurodac, iliyoanza kazi 2003: ukitoa alama Ugiriki, kisha ukaenda Uholanzi na kujiita jina jingine, vidole vitakusemea. Interpol nayo inatunza orodha ya hati za kusafiria zilizoibwa au kupotea, ambayo nchi wanachama huitazama mipakani.

Kuna kitu kimoja ambacho hakitakiwi kufanywa, nacho ni kuiuliza nchi anayoikimbia, "Mnamfahamu huyu?" Mtu anasema serikali yake inamwinda. Ukiiuliza serikali hiyo hiyo habari zake, umeshaionyesha alipo, na mama yake aliyebaki nyuma ndiye atakayegongewa mlango usiku. Watu wengi hudhani usiri huu ni upole. Kwangu ni sehemu ya uchunguzi wenyewe, kwa sababu mtu asiyeamini kwamba maneno yake yatabaki chumbani atakuficha hata yale unayoyahitaji.

Kuhusu pasipoti, mwambie kaka yako kwamba anayetaka kukuua hakupi hati ya kusafiria. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kule maisha yake yalikokuwa hatarini, amejitokeza kwa mamlaka bila kukawia, na ana sababu ya maana. Karatasi isipokuwepo, kazi inabebwa na mahojiano. Msaili anayejua kazi yake haulizi maswali ya ndiyo na hapana. Anauliza shule ilikuwa upande gani wa barabara, soko lilikuwa siku gani, mto ulivukwa kwa mtumbwi au kwa daraja, na aliyeshika usukani wa gari mlilokimbilia alilipwa nini. Anataka miaka ifuatane. Mpiganaji anayejificha kwenye kundi la waliokimbia mara nyingi ana mwaka mmoja au miwili isiyo na kazi, isiyo na jirani, isiyo na hata mahali pa kulala. Anayesimulia maisha aliyoyaishi anakumbuka vitu visivyomsaidia chochote, kama rangi ya lango au jina la mbwa wa mpangaji.

Sasa orodha na majina. Jina moja likiandikwa kwa herufi za Kilatini na makarani watatu linaweza kutoka Mohamed, Muhammad na Mohammed, na wote watatu wako sahihi. Ongeza tarehe ya kuzaliwa. Watu wengi waliozaliwa bila cheti huandikiwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa fomu haikubali kuachwa wazi. Matokeo yake mfumo unakutana na maelfu ya watu wenye majina yanayokaribiana, wote wamezaliwa siku moja. Mfanano wa jina na tarehe ya namna hiyo ni mwepesi kama unyoya. Mfanano wa alama za vidole ni mzito, na hata huo unaonyesha tu kwamba ni mtu yule yule, hauonyeshi alifanya nini.

Nakumbuka faili la baba mmoja ambalo lilisimama miezi kumi na mmoja kwa sababu ya mfanano kama huo. Lilipofika mezani kwangu nilimwita, nikamwambia wazi kwamba mtu mwenye jina kama lake alikuwa kifungoni katika nchi nyingine mwaka fulani. Hakubisha. Alitoa mfuko wa nailoni mfukoni, ndani yake kuna kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Mihuri ya chanjo ilikuwa ya mwaka ule ule, na kwenye safu ya "aliyemleta mtoto" palikuwa na sahihi yake. Tukailinganisha na sahihi za fomu zake, tukaithibitisha kwa njia nyingine mbili, likaisha. Nikamuuliza kwa nini hakuionyesha mapema. Akasema hakuna aliyemuuliza. Miezi kumi na mmoja! Na kama angekuwa ndiye yule mtu hatari, miezi hiyo yote alikuwa mtaani.

Kuna pia ilani nyekundu za Interpol, na hapa watu huchanganya sana. Ilani hiyo ni ombi la nchi moja kwa nchi nyingine kwamba mtu atafutwe na akamatwe ili arudishwe. Haimtii mtu hatiani. Katiba ya Interpol yenyewe, ibara ya 3, inaikataza kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi, na ina utaratibu wa kufuta ilani iliyotolewa dhidi ya mkimbizi kwa ombi la nchi aliyoikimbia. Hakeem al-Araibi, mchezaji mpira wa Bahrain aliyepewa hifadhi Australia, alikamatwa uwanja wa ndege wa Bangkok Novemba 2018 kwa ilani ya namna hiyo. Ilani ilifutwa baada ya siku chache, lakini yeye alikaa kizuizini mpaka Februari 2019. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua kuhusu orodha yoyote ni nani aliyeliandika jina hilo, na kwa nini.

Na je, mfanano ukiwa wa kweli? Hapo kaka yako atafurahi kusikia kwamba sheria ya wakimbizi haijawahi kuwa kimbilio la wauaji. Ibara ya 1F ya Mkataba inawatoa kabisa watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba wametenda uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, au kosa kubwa lisilo la kisiasa kabla ya kuingia nchi ya hifadhi. Serikali haihitaji hukumu ya mahakama kuitumia, ila inahitaji zaidi ya tetesi, na lazima impime mtu mmoja mmoja kwa alichokifanya. Kabila lake, mkoa wake au dini yake haviingii.

Gharama ya kuipuuza ibara hii ukanda wetu unaijua vizuri. Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma, mji wa Zaire (sasa Kongo) ulio mpakani, ndani ya siku chache. Miongoni mwao walikuwamo wanamgambo wa Interahamwe na askari walioendesha mauaji ya kimbari. Hakuna aliyewatenga. Wakazitawala kambi, wakagawa chakula cha msaada kwa matakwa yao, wakawatisha waliotaka kurudi makwao. Novemba mwaka huo tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières, shirika la madaktari wa misaada, liliondoka kambini kwa kupinga hali hiyo. Miaka miwili baadaye vita vilizifuata kambi zile, na waliokufa wengi walikuwa watu wasio na silaha. Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 ulikuwa umeshasema wakimbizi wakae umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka, kwa sababu za usalama. Kambi zile zilikuwa karibu kabisa na mpaka.

Aliyekwisha kupewa hifadhi naye anaweza kupoteza kinga. Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inaruhusu kumrudisha mkimbizi ambaye kuna sababu za msingi za kumwona hatari kwa usalama wa nchi, au aliyehukumiwa kwa kosa zito sana na akawa hatari kwa jamii. Lakini iko sakafu ambayo haitobolewi: Mkataba wa 1984 dhidi ya Mateso haumruhusu yeyote kurudishwa kwenye mateso, awe nani. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliishikilia sakafu hiyo katika kesi ya Chahal dhidi ya Uingereza, 1996. Mtu kama huyo nchi hubaki naye, na inaweza kumshtaki au kumwekea masharti. Kesi hiyo ndiyo iliyoifanya Uingereza iunde, mwaka 1997, chombo maalumu cha rufaa ambapo wakili aliyeidhinishwa huona ushahidi wa siri kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kuuona.

Kaka yako huenda atakutajia Berlin. Tarehe 19 Desemba 2016 Anis Amri, Mtunisia, aliwagonga watu kwa lori kwenye soko la Krismasi, wakafa zaidi ya kumi. Muulize kama anajua kwamba ombi la hifadhi la Amri lilikuwa limekataliwa miezi sita kabla. Walioamua faili hawakukosea. Amri alikuwa ametumia zaidi ya majina kumi kwenye ofisi mbalimbali, polisi walimjua kuwa mtu hatari lakini wakaacha kumfuatilia, na hati za kumrudisha Tunisia zilifika siku mbili baada ya shambulio. Mianya ilikuwa kati ya ofisi na ofisi, na katika muda uliopita baada ya uamuzi. Mimi nikisikia mwanasiasa anataka usalama kwa kufunga milango ya maombi, huwa namfikiria Amri: mtu asiyeandikishwa kabisa hana alama za vidole za kulinganisha.

Turudi kwa kijana wako, maana barua ina tarehe. Aandike leo kuomba aelezwe shaka ni ipi, angalau kwa muhtasari, na barua yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Akihama, atoe anwani mpya siku hiyo hiyo. Wito usiomfikia utahesabiwa kuwa amekimbia. Aandike majina yake yote jinsi yalivyowahi kuandikwa, pamoja na jina la babu na jina la nyumbani. Kama tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa ya kukisiwa, aseme ni ya kukisiwa, asije akabuni nyingine iliyo "nzuri". Kama aliwahi kutumia jina la uongo kuvuka mpaka, alitaje mwenyewe kabla hawajalitaja wao. Akusanye kila kinachomweka mahali fulani mwaka fulani: risiti, kadi ya kliniki, ripoti ya shule, picha yenye tarehe. Uamuzi ukitoka vibaya, siku za rufaa ni chache na huhesabiwa kwa ukali, hivyo apate wakili sasa.

Na siku ya mahojiano, kabla ya swali la kwanza, azungumze na mkalimani dakika mbili. Akiona lahaja hazielewani aseme hapo hapo na aombe iandikwe kwenye kumbukumbu. Akingoja mpaka mwisho, kila neno lililopotoka litasomwa kama uongo wake.