Ukitaka kufungua BBS ya simu nyumbani, anza na laini

Wengi wanaotaka kufungua BBS ya kupigiwa simu huanza kwa kusaka kompyuta kuukuu. Nawashauri waanze na laini ya simu ya mezani. Kompyuta haisumbui kupatikana: ya zamani yenye chipu ya 386 iliyosahaulika stoo inatosha, na Pentium ni anasa. Laini nzuri ndiyo imeadimika, hasa hapa Marekani ninakoishi, ambako kampuni za simu zinaondoa nyaya za shaba na kukuachia kisanduku kinachopitisha sauti kwenye intaneti.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: BBS, yaani ubao wa matangazo wa kompyuta, ni kompyuta iliyounganishwa na modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye simu, imekaa inangoja simu. Mpigaji naye ana kompyuta na modemu yake. Modemu mbili zinapigiana milio, zinaafikiana kasi, kisha mgeni anaingia, anasoma ujumbe, anajibu, anachukua faili, anakata. Ya kwanza iliitwa CBBS. Ward Christensen na Randy Suess waliifungua hapa Chicago tarehe 16 Februari 1978, baada ya theluji kubwa ya Januari kuwafungia watu majumbani. Suess alifariki mwaka 2019 na Christensen mwaka 2024, lakini karibu kila nitakachokueleza hapa kilikuwa tatizo lao kabla hakijawa langu, kwa sababu walikuwa na laini moja. Laini moja maana yake ni mgeni mmoja kwa wakati. Hilo likikukaa kichwani, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Kabla hujanunua chochote, iambie kampuni ya simu iondoe huduma ya kusubirisha simu kwenye namba yako. Ule mlio wa kukujulisha kwamba kuna mtu mwingine anapiga unavuruga mawasiliano ya modemu na mara nyingi unayakata kabisa. Utasikia watu wakisema bonyeza *70. Hiyo inamfaa anayepiga. Wewe ni mpigiwa, haikusaidii. Kama laini yako inapita kwenye intaneti, ingia kwenye mipangilio ya kile kisanduku: chagua kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, zima kipengele cha kunyamazisha laini pasipo na sauti, zima na kile cha kuondoa mwangwi. Kisha shusha kasi. Anza na biti 2400 kwa sekunde, ukiona imetulia panda hadi 9600, na usihangaike na zaidi ya hapo.

Najua 2400 inasikika kama adhabu, lakini hebu piga hesabu. Skrini iliyojaa ina herufi 2,000, yaani mistari 25 ya herufi 80. Kwa kasi ya 300 waliyoanza nayo akina Christensen, herufi kama 30 kwa sekunde, skrini hiyo inachukua zaidi ya dakika nzima. Kwa 2400 ni sekunde nane hivi, na hakuna binadamu anayesoma skrini nzima kwa sekunde nane. Kinachochosha wageni ni menyu ndefu zenye mapambo ya rangi yanayorudi kila wanapobonyeza kitufe. Pamba ukurasa wa kukaribisha, hapo onyesha ufundi wako wote, halafu kwingine weka mistari michache na uwape nafasi ya kuzima menyu kabisa.

Modemu chukua ya nje, yenye taa. Taa zinakueleza kinachoendelea bila kugusa kompyuta, na ikigoma unaizima peke yake. Ziepuke zile za ndani zinazoitegemea Windows ifanye kazi ya modemu. Kwenye DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, hazina msaada. Ikiwa kompyuta ni ya zamani sana, hakikisha chipu ya bandari ya siriali, pale modemu inapochomekwa, ni 16550, ambayo ina akiba ya baiti 16, la sivyo kwenye kasi kubwa herufi zitapotea njiani.

Kisha kuna amri tatu za modemu ambazo ningependa uzielewe badala ya kuzinakili tu. AT&C1 inailazimisha modemu iiambie kompyuta ukweli kama mgeni bado yupo. AT&D2 inaipa programu uwezo wa kukata simu. ATS0=0 inaizuia modemu kupokea yenyewe, ili programu ndiyo ipokee inapokuwa tayari. Bila hiyo ya mwisho, kompyuta ikiganda usiku modemu itaendelea kupokea, na mtu atalipia simu ya kutazama skrini tupu. Ukimaliza, hifadhi kwa AT&W.

Jaribio muhimu kuliko yote: mwombe rafiki apige, aingie, halafu achomoe waya katikati ya kusoma. BBS yako inapaswa kugundua, kumtoa, na kurudi kungoja simu bila wewe kuamka kitini. Isipofanya hivyo, usitangaze namba. Katika CBBS jambo hilo lilitatuliwa kwa ukali unaonivutia hadi leo: kila simu ilipoingia, mashine ilianza upya na kupakia programu kutoka kwenye diski, hivyo mgeni hakurithi matatizo ya aliyemtangulia.

Kuhusu programu sitakaa sana. Mimi natumia RemoteAccess juu ya DOS, nayo inahitaji kiendeshi cha FOSSIL, programu ndogo inayoiunganisha BBS na modemu; kile kiitwacho X00 kinatosha. Anayetaka programu ambayo bado inatunzwa atazame Synchronet au Mystic.

Muda ndio unaogombanisha watu. Laini moja ni bomba moja la mtaa mzima, aliyelishika anawachelewesha wote. Mpe kila mgeni dakika 30 hadi 45 kwa siku, na asiyebonyeza kitu kwa dakika tatu programu imtoe. Hata michezo maarufu ya BBS, kama TradeWars 2002, ilimpa mchezaji idadi maalumu ya zamu kwa siku, naye akimaliza akaachia laini.

Sasa watu wenyewe. Usifungue vyumba ishirini vya mazungumzo. Vyumba vitupu vinamfukuza mgeni. Fungua vitatu, na kila anayeandika kwa mara ya kwanza mjibu wewe mwenyewe, siku hiyohiyo, kwa jambo alilolisema na si kwa karibu tupu. Mtu aliyejibiwa hupiga tena kesho yake. BBS yangu inaendeshwa kwa Kiswahili, na hapo lugha yetu imenipa raha ambayo Wafaransa na Wajerumani hawakuwa nayo: hatuna herufi zenye alama juu. Kila neno, hata ng'ombe na ritifaa yake, linapita salama kwenye kompyuta yoyote ya zamani.

Washa pia QWK, mtindo wa kufungasha ujumbe. Mgeni anachukua ujumbe wote mpya katika faili moja, anakata simu, anasoma na kuandika majibu kwa nafasi yake, kisha anapiga tena dakika moja kuyaleta. BBS zilishamiri Marekani kwa sababu sehemu nyingi simu za ndani ya mji hazikuhesabiwa dakika. Kwetu Afrika Mashariki kila dakika ililipiwa, na ndiyo maana FidoNet, mtandao alioanzisha Tom Jennings mwaka 1984 ambao BBS zake zilipigiana simu na kubadilishana barua, ulifaa Afrika, iliyopewa kanda ya 5. Nairobi kituo cha ELCI, cha mashirika ya mazingira, kilikuwa na mfumo wa namna hiyo uliowahudumia watu wa mashirika kwa kupitia London, kabla intaneti haijafika kwa wengi.

Ndugu zako walioko Dar au Mombasa leo hawataweza kukupigia kwa simu ya mkononi, maana inaibana sauti na milio ya modemu haipiti. Wafungulie mlango wa telnet, yaani njia ya kuingia kupitia intaneti, lakini kama nodi (nafasi ya mgeni) ya pili, ili roboti zinazobisha hodi usiku kucha zisiikalie laini ya simu. Na waambie wote wasitumie nywila wanayoitumia kwingine, kwa sababu hapa inapita wazi.

Diski za zamani zinakufa bila taarifa. Weka kadi ya CompactFlash mahali pake, na kila wiki nakili ujumbe wote kwenye mashine nyingine.

BBS nyingi za miaka ya 1990 zilizimwa ghafla, na maandishi ya watu yakaenda nazo. Siku ukiamua kufunga, tangaza mwezi mmoja kabla kwenye ukurasa wa kwanza, wafungie kila chumba katika faili moja wanayoweza kuichukua, na uache laini ikiwa hai mpaka wa mwisho anayetaka awe ameichukua.