Mheshimiwa baba wa mwenzio

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa kicheko. Yaani mzee mwenye kiwanda cha vigae huko Foshan, China, akuulize mezani kwa Kichina, "Lingzun shenti hao ma?" (baba yako hajambo?), nawe ujibu kwa sauti, "Wo de lingzun hen hao" (lingzun wangu hajambo kabisa), hadi wanawe wakainamia mabakuli yao! Kisha ukafungua kamusi, ukakuta ling ni "amri", ukazidi kupotea.

Tulia, hukumtukana mtu. Ila ulijivika joho ambalo ni la kuvikwa na wengine.

Lingzun (令尊) ni baba, lakini wa mwenzio tu. Ling ni amri, kweli, ila ina maana nyingine ya zamani: -ema, -zuri. Zun ni mheshimiwa. Ule "wako" umo humo humo ndani ya neno. Kusema wo de lingzun ni sawa na mtu kubisha hodi akajitambulisha, "Mimi Mheshimiwa Fulani."

Baba yako mwenyewe unamtaja kwa unyenyekevu: jiafu (家父), baba wa nyumbani kwetu. Akiwa marehemu ndiyo xianfu. Hapo tafadhali usiteleze, mimi bado nipo.

Nilipokuwa nasoma Beijing tulikaririshwa silabi saba: jia da, she xiao, ling wairen. Jia kwa wakubwa wa kwenu, she kwa wadogo wa kwenu, ling kwa watu wa mwenzio. Kwa hiyo mdogo wako wa kiume ni shedi, mama wa mwenzio lingtang, bintiye ling'ai. Hiyo she (舍) ni kibanda. Si ndivyo mjomba wako anavyosema "karibuni kibandani kwangu" na nyumba yake ina ghorofa?

Vijana wenzako hutawasikia wakisema hivyo. Kwao nin fuqin, "baba yako" ya heshima ya kawaida, inatosha, na kwa marafiki ndiyo kabisa, ni "ni ba", babako tu. Maneno haya yamebaki kwenye barua rasmi na vinywani mwa wazee wa aina ya huyo mwenyeji wako. Mimi naona alikukirimu, kukuchagulia neno hilo wewe mgeni.

Ukirudi kwake mwambie, "Jiafu wen nin hao," baba anakusalimu. Akiuliza afya yangu, goti la kulia limepoa, juzi nimekwenda msikitini bila mkongojo.

Baba yako